Kigae Nyuma ya Kihenge

Mnadani Majimoto, mtu akitaka kununua ng'ombe alimtafuta kwanza mzee Ngusa. Mzee alimshika ng'ombe puani kwa mkono mmoja, akapenyeza vidole vya mkono wa pili pembeni mwa mdomo, akachungulia meno ya chini, na kabla mwenye ng'ombe hajamaliza kujisifu alikuwa ameshatamka: "Miaka saba. Amezaa mara tatu. Hiyo habari ya mtamba kamwambie mwingine." Hakuna aliyembishia. Kwa miaka thelathini vinywa vya ng'ombe vilikuwa vitabu vyake.

Kinywa kimoja tu hakuwahi kukitazama, nacho kilikuwa katika mji wake mwenyewe pale Kasansa. Kilikuwa kinywa cha Nyanzala, mke wa mwanawe Makoye. Katika mji ule mkamwana hamtazami baba mkwe usoni, wala hacheki mbele yake. Akiwa na neno humwambia mama mkwe, na mama mkwe ndiye humfikishia mzee, hata kama wametenganishwa na ukuta wa udongo tu na kila mmoja anamsikia mwenzake anavyopumua.

Nyanzala alikuwa na miaka ishirini na saba, watoto wawili, na mimba ya miezi mitano. Tangu mimba ya pili ufizi wake ulikuwa ukitoka damu. Aking'ata muhindi wa kuchoma, ulibaki na alama nyekundu, naye aliugeuza haraka watoto wasione. Sasa jino moja la mbele, la chini, lilikuwa limeanza kucheza. Mchana kutwa ulimi wake ulikwenda pale pale kulisukuma, kama kidole kinachorudi kwenye kigaga cha kidonda.

"Kila mtoto huondoka na jino la mama yake," Mama Makoye alimwambia, akafunua mdomo kuonyesha mapengo yake. "Hili la Makoye. Hili la dada yake. Na wewe utazoea. Ila huo mswaki uache, mwanangu. Kidonda hakisuguliwi."

Basi akauacha. Miezi minne mswaki ulikaa umechomekwa kwenye makuti ya paa, na damu haikupungua. Iliongezeka.

Jambo lililomnyima raha Nyanzala lilikuwa mama yake mzazi. Alizaa watoto wanane, na alipofikisha miaka arobaini na moja hakuwa na jino hata moja la mbele. Siku moja stendi ya Mpanda mwanamume mmoja, tena ndevu zake zimeanza mvi, alimpokea mzigo akamwambia, "Shikamoo bibi." Mama yake aliitikia marahaba, kisha akafunika mdomo kwa khanga, na tangu siku ile Nyanzala hakumwona tena akicheka mdomo wazi. Nyanzala alikuwa binti wa miaka kumi na mitano wakati huo. Hakusahau ile khanga.

"Mimi sitafika huko," alijiambia. Na siku ya kliniki ya wajawazito, baada ya kupimwa, aliuliza chumba cha meno kiko wapi.

Tabibu wa meno alikuwa binti mdogo, jina lake Gaudensia, mwenye sauti ya chini hivi kwamba ilibidi umwinamie umsikie. Alimpa Nyanzala kioo akishike mwenyewe.

"Tazama hapa, dada. Unaona hii ya njano, ngumu, imekaa kwenye shina la meno?"

"Kama ukoko wa ndani ya birika."

"Ndiyo hiyo. Tunaiita ugaga. Ilianza ikiwa utando laini, mabaki ya chakula na vijidudu. Ungeusugua ungetoka. Hukuusugua, umegeuka jiwe. Ufizi unalikimbia hilo jiwe. Unavimba, unatoa damu, unaachana na jino. Mwisho hata mfupa unaoshika jino unaliwa, na jino linakosa pa kujishikiza."

"Kwa hiyo si mtoto?"

Gaudensia akacheka kidogo, kwa aibu, kama aliyekatazwa kucheka kazini. "Mtoto yuko tumboni, dada, meno anayajulia wapi? Mimba inaufanya ufizi uwe mwepesi kuvimba, basi. Kazi inafanywa na uchafu, lawama anabeba mtoto."

"Na jino langu? Litarudi kukaza?"

"Sitakudanganya. Mfupa ulioliwa haurudi. Lakini uliobaki bado unaweza kulishika jino lako miaka mingi, kama tutausimamisha ugonjwa leo. Mimi naondoa ugaga. Sehemu iliyobaki ni yako: mara mbili kwa siku, asubuhi na kabla ya kulala, brashi laini, pale jino linapokutana na ufizi, taratibu. Siku za mwanzo damu itatoka. Usiache. Ufizi unatoka damu kwa sababu ni mgonjwa, na ukiuacha unazidi kuugua. Baada ya wiki mbili uje nikuone."

Alipomaliza kukwangua, mate ya Nyanzala yalikuwa mekundu na mdomo ulikuwa unamuuma. Lakini alipopitisha ulimi nyuma ya meno, alikuta mahali palipokuwa na mikwaruzo pamekuwa laini kama sahani iliyooshwa. Alirudi Kasansa nyuma ya bodaboda, brashi mpya ndani ya mkoba wa kliniki, ulimi ukizunguka njia nzima.

Asubuhi ya pili Mama Makoye aliona mate mekundu karibu na karai la kuogea, akapiga yowe. "Nyie! Huyu mtoto anajichinja!" Jioni shauri likafika kwa mzee. Nyanzala alikuwa jikoni, mzee nje kwenye kiti chake kando ya zizi, Mama Makoye amesimama mlangoni, katikati yao.

"Mwambie mkamwana," Ngusa alisema, akitia tumbaku chini ya mdomo, "ng'ombe akilegea meno haponi. Mnada ujao Makoye ampeleke kwa Manyanda, ayang'oe yote mawili matatu yaliyoharibika. Damu chafu itoke, ajifungue salama."

Manyanda alikuwa mng'oa meno wa mnadani. Alikaa kwenye stuli chini ya turubai, na mbele yake alitandika kitambaa chenye meno ya watu, yamepangwa kama mbegu za maboga zinazoanikwa. Akilini Nyanzala akaliona jino lake pale, katikati ya yale mengine. Akameza mate yenye ladha ya chuma. Hakuwahi kumjibu baba mkwe hata mara moja katika miaka saba ya ndoa.

"Mayu," akamwambia mama mkwe, na sauti yake ikatoka kubwa kuliko alivyokusudia, "muulize baba. Ng'ombe wa miaka sita, aliyejaza meno yote, akimkuta meno yanacheza, huwa anamwita mzee?"

"Anauliza..." alianza Mama Makoye.

"Nimesikia," mzee alisema kutoka nje. Ng'ombe mmoja akakohoa zizini. "Wa miaka sita si mzee. Huyo ni mgonjwa. Au kuna kitu kwenye malisho."

"Mwambie na mimi bado sijazeeka."

Nje, mzee alitema tumbaku. Makoye, aliyekuwa akifunga kamba ya ndama, alijifanya hajasikia kitu, lakini fundo lile alilifunga mara tatu.

"Hiyo ni hoja ya mnadani," Ngusa alisema hatimaye. "Haya. Siku zimebaki kumi na mbili. Mwambie kila asubuhi ateme mate yake kwenye jivu jeupe, juu ya kigae, akiweke nyuma ya kihenge cha nafaka. Mimi mdomo wake siuoni, lakini jivu nitaliona. Mpaka siku ya mnada damu haijapungua, anaenda kwa Manyanda. Sitaki maneno."

"Anasema..."

"Nimesikia, mayu. Mwambie wabeja, nashukuru."

Ndivyo kigae kilivyoanza, kipande cha chungu kilichovunjika, kilichojazwa jivu la moto wa kinyesi cha ng'ombe lililochekechwa likawa jeupe. Kila alfajiri Nyanzala alipiga mswaki, akatema pale, akaondoka. Jua likitoka mzee alipita na fimbo yake, akainama, akatazama muda mrefu kama anayetafuta nyayo, kisha akamwaga jivu lile kwa ncha ya fimbo.

Siku ya tatu damu ilikuwa nyingi. Siku ya nne nayo nyingi. Mama Makoye alikitazama kigae akashika kichwa, na siku ya tano asubuhi brashi haikuwepo.

"Mayu, umeniwekea wapi brashi yangu?"

"Brashi ipi? Labda panya wameichukua."

"Panya wa mji huu wanapiga mswaki?"

"Wamekuona wewe," alisema mama mkwe bila kugeuka, akiendelea kupepeta mchele. Mchele ukamwagikia nje ya ungo. Nyanzala aliuona mchele ule, na hasira ikamtoka. Mama yule alikuwa amekwisha kuzika mkamwana mmoja aliyevuja damu uzazini. Kwake damu ilikuwa damu tu, itoke mdomoni au popote.

Hakugombana naye. Alikwenda kwenye mwarobaini ulio nyuma ya zizi, akavunja kijiti kibichi, akakitafuna ncha mpaka ikawa nyuzi laini. Uchungu wake ulimfanya akunje uso wote. Akasugua shina la meno, jino kwa jino, mbele, nyuma, kule ndani kwenye magego ambako hata yeye alikuwa amekusahau. Asubuhi na jioni. Lile jino legevu alilipitia polepole zaidi, kama mtu anayemnawisha mtoto uso.

Siku ya saba mate yalikuwa ya waridi. Siku ya nane, waridi hafifu. Siku ya tisa Mama Makoye alimkuta anatema, akamzuia kwa mkono.

"Humezi? Hunidanganyi ukameza damu?"

"Funua mwenyewe, mayu."

Mama mkwe akamshika kidevu, akamgeuzia kwenye mwanga, akavuta mdomo wa chini kwa kidole gumba. Alitazama. Ule wekundu uliokuwa umevimba kama nyama mbichi ulikuwa umeshuka. Ufizi ulikuwa umerudia rangi yake ya kahawia, umelala kwenye meno. Akaubonyeza. Hapakutoka kitu. Jioni ile brashi ilionekana imechomekwa pale pale kwenye makuti.

"Panya wamerudisha," alisema.

"Waambie wabeja sana."

Siku ya kumi na moja jivu lilikuwa safi. Nyanzala alilala na moyo mwepesi. Lakini asubuhi ya mnada, alipotema, tone moja lilishuka. Moja tu, jekundu, likakaa katikati ya jivu jeupe na kupanuka taratibu.

Alichuchumaa mbele ya kigae. Zizini Makoye na mwenzake walikuwa wanatenga ng'ombe wa kupeleka mnadani, na pikipiki ya kumbebea yeye ilikuwa tayari imeegeshwa. Kidole kimoja kingetosha. Angekoroga jivu mara moja, tone lingepotea, na hakuna ambaye angejua. Kidole chake kilifika mpaka ukingoni mwa kigae. Akamkumbuka yule binti wa sauti ya chini aliyemwambia, "Sitakudanganya," wakati ingekuwa rahisi zaidi kumdanganya. Akakirudisha kidole. Akainuka, akaingia jikoni, akasimama nyuma ya ukuta, mkono mmoja tumboni.

Akasikia hatua, kisha fimbo ikigonga kigae. Hakusikia jivu likimwagwa kama siku zote.

"Mama Makoye," sauti ya mzee iliita.

"Abee."

"Leo kuna tone."

Nyanzala alifumba macho.

"Jana halikuwepo, leo lipo. Mtu mwingine angelifunika." Fimbo ilichora kitu ardhini. "Mwambie mkamwana nimetibu ng'ombe wengi. Hajawahi kupona hata mmoja kwa siku moja. Anapona, anarudi nyuma kidogo, anapona tena. Tazama anakoelekea, usitazame leo yake. Mwambie Makoye aende na ng'ombe peke yake. Hiyo pikipiki impeleke mkamwana kwa tabibu wake, si wiki zake mbili zimefika?"

"Ame..."

"Amesikia," alisema mzee.

Nyanzala alikuwa ameketi chini jikoni bila kujua ameketi saa ngapi. Alitaka kucheka na kulia, na kwa mara ya kwanza kwa miaka miwili mkono wake haukwenda kuufunika mdomo.

Alipokuwa anafunga khanga ya safari, aliona kupitia tundu la dirisha kitu ambacho hakikumhusu kukiona. Mzee Ngusa alikuwa bado nyuma ya kihenge. Alitazama huku na huku, akaingiza vidole viwili mdomoni mwake mwenyewe, vile vile alivyowafanyia ng'ombe miaka thelathini, akalishika jino, akalitikisa. Uso wake ukabadilika. Miezi mingi sasa alikuwa anakula ugali uliolowekwa kwenye maziwa, na kila mtu mjini pale alidhani ni kupenda maziwa.

Asubuhi iliyofuata nyuma ya kihenge palikuwa na vigae viwili. Cha pili kilikuwa chekundu kutoka ukingo mpaka ukingo.

Mama Makoye alisimama mlangoni, akitazama huku na huku baina ya jikoni na zizi, kama asiyejua leo apeleke ujumbe kwa nani.

"Mayu," Nyanzala alisema, bila kupaza sauti, maana ukuta ulikuwa mwembamba, "mwambie baba siku za mwanzo damu hutoka nyingi. Asiache. Asugue pale jino linapokutana na ufizi, taratibu. Na Jumatano Gaudensia yupo, akamwondolee ugaga, kusugua peke yake hakutoshi."

"Amesikia," alisema Mama Makoye.

"Na tumbaku aiweke chini. Inaula ufizi wake."

Nje, kiti kililia. Mzee Ngusa alikohoa.

"Hilo la mwisho," alisema, "mwambie sijasikia."

"Mwambie nitalirudia kesho," alijibu Nyanzala, akachukua brashi yake kutoka kwenye makuti.