Waliofahamishwa Kikamilifu

Hospitali yetu ina kitengo kizima cha Kuwafahamisha na Kuwafariji Wagonjwa wa Saratani ya Matiti, na mkuu wake ni bwana mmoja mwenye tai na kalamu tatu mfukoni. Sisi wagonjwa tulimwita Bwana Mmeelewa. Kila Jumatatu asubuhi alitupanga kwenye mabenchi, akawasha projekta na kutusomea slaidi arobaini: mionzi iligunduliwaje, mashine ina uzito wa magari mangapi. Kila slaidi ikiisha anauliza, "Mmeelewa?" nasi tunaitikia kwa pamoja kama darasa la kwanza. Slaidi ya mwisho iliandikwa MASWALI. Ikifika hiyo, muda umekwisha, na tunatia sahihi fomu kwamba tumefahamishwa kikamilifu.

Mimi ni fundi cherehani, si mjinga. Lakini jamani, ukishakatwa titi huna hamu ya kubishana na mtu mwenye projekta.

Nilichoelewa nilikielewa kwa macho yangu. Mlangoni pa chumba cha mashine pana bango jekundu: HATARI, MIONZI, WATOTO WASIINGIE. Ndani, dada wa mashine ananilaza, ananiinulia mkono wangu juu ya kichwa, ananiambia kwa upole nisitikisike, halafu anatoka mbio na kufunga mlango mnene kama ukuta. Mbio, nasema. Sasa kama mwenye kazi yake anakimbia, mimi ninayebaki ndani natoka nimejaa nini? Wiki ya pili ngozi ikaanza kuwa nyeusi kama kitambaa kilichosahaulika chini ya pasi. Nikajua basi, mionzi imeniingia na sasa inatokea nje.

Nyumbani nina mjukuu wa miaka mitatu. Tunamwita Kiroboto kwa sababu hatulii, anaruka paja hili hadi lile, na paja alipendalo ni langu. Nikamwambia binti yangu amzuie asinisogelee, nisije nikamdhuru. Binti akauliza hospitali wamesemaje. Nikamjibu kwa jeuri kwamba nimefahamishwa, nimetia sahihi, asinifundishe ugonjwa wangu. Siku kumi na tisa sikumgusa yule mtoto. Nilikula peke yangu, na akinililia mlangoni nilikanyaga cherehani kwa nguvu nisimsikie. Iliniuma kuliko kisu cha daktari, sisemi uongo.

Siku ya ishirini wakaja wageni kukipa kitengo cheti cha ubora. Bwana Mmeelewa akanichagua mimi nitoe ushuhuda, eti fomu zangu zina sahihi nzuri kuliko za wote. Akanipa karatasi aliyoiandika yeye, ya kuwashukuru kwa kunielimisha. Nikasoma mistari miwili, machozi yakanizibia miwani. Nikaiweka chini.

"Mimi nina swali moja tu," nikasema. "Ni lini nitaruhusiwa kumbeba mjukuu wangu?"

Bwana Mmeelewa akawachekea wageni, akasema mama anapenda utani. Lakini dada wa mashine, aliyesimama nyuma kabisa, hakucheka.

"Nani alikukataza?" akauliza.

Akaja mbele akanieleza taratibu, kama mtu anayezungumza na mama yake. Mionzi ya mashine ile haibaki mwilini, ikizimwa, imekwisha. Yeye anatoka kwa sababu anahudumia wagonjwa arobaini kwa siku, mwaka mzima, na angebaki ndani kila mara ingemzidia. Ningeweza kumbeba mtoto tangu siku ya kwanza, mradi asinigonge penye ngozi iliyoungua. Bwana Mmeelewa akawahi kufungua kijitabu cha kitengo na kuwaonyesha wageni kwamba habari hiyo imo, ukurasa wa thelathini na moja, chini ya picha ya mashine. Alifurahi kweli kuipata. Hapo mwalimu mmoja wa chekechea, mgonjwa mwenzangu wa benchi la mbele, akasema mwanawe mchanga alimpeleka kwa dada yake tangu wiki ya kwanza, na ameanza kutembea hukohuko. Akachukua mkoba akatoka bila kumuaga mtu. Wageni wakapiga makofi, wakidhani shughuli imekwisha.

Nilifika nyumbani nahema. Kiroboto alikuwa anacheza na vifungo sakafuni. Nikapiga magoti nikamnyooshea mikono. Mtoto ambaye zamani angenirukia kabla sijavua viatu alisimama palepale, akamtazama mama yake kwanza. Kumbe binti yangu, kwa kukosa la kumwambia, alimwambia bibi ni wa moto kama sufuria, ukimgusa unaungua.

"Bibi," akaniuliza kwa mbali, "umepoa?"

Nikamwambia sikuwahi kuwa wa moto, mjukuu wangu. Hakuna aliyeniambia tu. Hakusogea. Akainua kidole kimoja, akanigusa mkono haraka, akakiangalia kile kidole kuona kama kimeungua.