Mfike Hai

Usiku wa jana niliota kuku wetu wa nyama wamekuja kutukamata, mimi na mume wangu, baba Zulfa. Leo ndiyo siku ya lori kuwapeleka machinjioni, kwa hiyo sikushangaa sana. Nilidhani wamechanganya tu nani anasafiri na nani anabaki.

Wanatushika vifundoni, wanatubeba kichwa chini miguu juu, wanatusokomeza kwenye tenga la plastiki pamoja na majirani zetu. Tumebanana hata goti lililo usoni pangu sijui ni langu au la mwenye duka. Kuku mmoja anakandamiza mfuniko kwa kifua.

"Bado wawili wanaenea," anasema, na kweli wanaenea.

Gari linaondoka. Upepo unaingia kwenye matundu, baba Zulfa anapumua. Tenga ndilo linalonieleza mambo ya safari, kwa upole kabisa, kama muuguzi. Linasema gari likienda mna upepo, likisimama hamna, na wengi hufa likisimama.

"Na tukifika?" nauliza.

"Mkifika mnachinjwa. Ila mfike hai. Atakayefia njiani ni nyamafu, mchinjaji hamgusi. Anatupwa shimoni."

Nikaona ni haki. Mpaka sasa hilo ndilo linalonitisha zaidi, kwamba niliona ni haki.

Gari linapita katikati ya sebule ya mama mkwe. Anakunywa chai. Namwamkia shikamoo kupitia tundu la tenga, naye anaitikia marahaba, anauliza kama tumekula. Namwambia hatujala, tumekatazwa kula kabla ya safari.

"Vizuri," anasema. "Matumbo yawe matupu."

Anajiongezea chai. Hamtazami mwanawe.

Mlango wa nyuma wa sebule unatokea barabara ya Mlandizi, jua la utosi. Hapo uzito wetu unaanza kushuka garini. Wa baba Zulfa unatangulia. Umevaa shati lake la Ijumaa, unasimama kando ya lami na kutupungia mkono, na mwenyewe anabaki mwepesi mapajani mwangu, mdomo wazi, anahema harakaharaka.

Kisha gari linasimama.

Dereva ni kuku mnene mwenye kofia. Anashuka taratibu, anaelekea mgahawani. Namwita, namwambia mwenzangu anakufa, awashe gari twende.

"Tulia, mama. Napata supu kidogo."

Nataka kumuuliza supu ya nini, lakini maswali mengine mtu huyameza.

Upepo hakuna tena. Joto linapanda kutoka chini, na si la jua, ni la miili yetu wenyewe. Mwenye duka ameacha kusukumana na mtu. Najaribu kumpepea mume wangu kwa kiganja, lakini kiganja hakina pa kwenda wala pa kurudi. Naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani, na kitu kimoja tu kinanihangaisha: asiwe nyamafu, asitupwe shimoni peke yake.

Namwinamia sikioni.

"Baba Zulfa, usife hapa. Vumilia, twende tukachinjwe."

Anafungua jicho moja. Midomo inacheza, anataka kuniambia kitu.

Nikaamka. Kulikuwa kunapambazuka. Umeme ulikuwa umekatika, feni imetulia juu ya kitanda, na chumba kizima kilikuwa na joto la banda. Lori lilikuwa bado halijaja. Baba Zulfa alikuwa kando yangu, fulana imelowa jasho, mdomo wazi. Nilishukuru Mungu, nikavuta kanga nianze kumpepea polepole, nisimwamshe. Ndoto nilikuwa sijamsimulia mtu yeyote, hata kuketi kitandani nilikuwa sijaketi.

"Mama Zulfa," akasema, macho ameyafumba, "mbona gari limesimama?"