Taa Iliyoliwa kwa Ugali

Kati ya wake wenza wote ambao Bibi Yudith angeweza kupewa, Gladness ndiye aliyemsumbua zaidi na ndiye aliyempenda zaidi. Kwa damu, Gladness alikuwa mjukuu wake, mtoto wa binti yake, aliyelelewa hapo hapo Nkuhungu, mjini Dodoma, tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Lakini kwa utani, mjukuu wa kike ni mke mdogo wa babu, na katika nyumba ile utani ulishikwa kwa uzito kuliko sheria za barabarani. Babu Matonya akimiminiwa chai na Gladness kabla bibi hajafika mezani, kesi ilisikilizwa mpaka mchana.

"Huyu mke uliyeoa hajui kusonga ugali wa uwele," bibi alipenda kumwambia mumewe. "Anajua samaki tu. Umeoa hasara."

Kuhusu samaki hakumsingizia. Mtoto aliyekulia Dodoma, ambako mto ni mchanga mtupu kwa sehemu kubwa ya mwaka, alikwenda chuo akarudi na shahada ya samaki wa baharini. Majirani walipouliza amesomea nini, bibi alijibu "mifugo" na kuishia hapo. Kisha Gladness akaajiriwa kufundisha kwenye chuo kimoja cha hapo mjini, na maabara yao ilipoezuliwa ili ipigwe bati upya, akaileta mifugo yake nyumbani: tangi la kioo lenye maji ya chumvi, kipampu cha hewa kinachokoroma, na kundi la samaki wenye macho makubwa ambao wote kwa pamoja wasingetosha mboga ya mtu mmoja mwenye njaa. Tangi likawekwa sebuleni, mahali pa redio. Redio ikahamia chumbani kwa babu, naye hakuona sababu ya kulalamika.

"Hawa wakiwa kwao baharini wanawaka tumbo," Gladness alieleza jioni ya kwanza.

"Mbona hapa hawawaki? Wanaona haya?"

"Taa si yao, bibi. Kuna vidudu wa baharini, jamii ya uduvi, wadogo kuliko punje ya uwele. Hao ndio wenye mwanga. Samaki akiwala, ile dawa ya kuwaka haipotei tumboni. Anaitunza, ndipo na yeye anawaka. Mpeleke kwenye maji yasiyo na vidudu hao, taa inafifia mwezi kwa mwezi mpaka inazimika. Kuna samaki wa ukoo mmoja kabisa, walioko kusini wanawaka, walioko kaskazini giza tupu. Tofauti yao ni chakula cha kwao."

Babu Matonya alitafakari. "Mimi nimekula mlenda wa huyu bibi yako tangu nimuoe. Mbona siwaki?"

"Ila unateleza," bibi alimjibu.

Walicheka wote, lakini Gladness alikuwa bado na neno. Samaki wale alikuwa amewanyima vidudu hao makusudi kwa zaidi ya mwaka, mpaka giza likawashika. Sasa angeanza kuwalisha tena chakula cha kwao, kidogo kidogo kila jioni, aone kama taa itarudi. Mkuu wake wa idara, Daktari Bupe, angekuja kujionea mwenyewe. Wakiwaka, utafiti wa bahari ungebaki Dodoma na Gladness angebaki nao. Wasipowaka, angehamishiwa tawi la chuo lililoko Tanga.

Katika maelezo yote ya jioni ile, hilo la Tanga ndilo lililomwingia bibi. Binti zake wameolewa mbali, mwanawe yuko Mwanza, na nyumba isiyo na Gladness ingekuwa ni yeye na Matonya wakiangaliana mpaka chai ipoe. Aliogopa, na hakuficha kwamba anaogopa. Kuanzia kesho yake, samaki aliowaita hasara wakaanza kuamkiwa asubuhi kwa heshima.

Haukupita muda Gladness akaitwa kwenye mafunzo Morogoro. Alimwachia bibi kikopo cha vidudu waliokaushwa, akamwonyesha kipimo cha kushika kwa vidole viwili. "Kikikaribia kuisha nipigie, nikuelekeze akiba ilipo." Bibi alishika kazi. Alilisha kwa uaminifu kuliko alivyowahi kulisha kuku, na hata kuku walilijua hilo.

Tatizo lilipiga hodi mchana wa Jumamosi, likiwa limevaa koti.

"Mbukwenyi," lilisalimia kwa Kigogo. Lilikuwa Ebenezer, mdogo wake bibi, wa kutoka Mtera. Huyu Ebenezer ameuza samaki wa bwawani tangu ujanani, na kwa sababu hiyo anajiona amezaliwa majini. Hakuna siku aliyokula kwa dada yake bila kusema kwamba watu wa huku juu hawajui mboga, wanachemsha majani wakasema wameshiba. Kwa kawaida alikuja na perege wakavu, kwa hiyo walimvumilia. Safari hii bwawa lilikuwa limefungwa ili samaki wazaliane, akaja na mdomo peke yake.

"Shikamoo dada. Leo ni majani gani?"

Bibi Yudith alijisikia vibaya, na mtu mwenye mdogo wa namna hiyo anamwelewa. Mlenda ulikuwa jikoni, na mlenda wake haukuwa na aibu yoyote. Lakini siku hiyo alitaka, mara moja tu maishani, Ebenezer ale kitu cha majini nyumbani kwake na asijue kimetoka wapi. Alifungua friza. Chini ya nyama kulikuwa na mfuko mweusi, na ndani yake vitu vidogo vilivyoganda, vinanukia kama uduvi. Gladness kila akitoka Tanga kwa kazi za chuo hakosi zawadi: nazi, tende, mara moja pweza ambaye hakuna aliyethubutu kumshika. Bibi aliona mjukuu wake amesahau kumwambia. Akamwaga mfuko wote kwenye mlenda, akaweka karanga na nyanya, akasonga ugali.

Ebenezer alikula kimya. Alimega, akachovya, akamega tena. Mwisho alipangusa bakuli kwa kidole na kusema jambo ambalo dada yake alikuwa amelisubiri tangu utoto wao.

"Dada, hii mboga mimi siijui."

Furaha ya bibi ilidumu mpaka Jumanne, kikopo kilipokaribia kuisha. Alipiga simu Morogoro.

"Akiba iko kwenye friza," alisema Gladness. "Mfuko mweusi, chini ya nyama. Umeuona?"

Bibi aliangalia ukuta. "Nimeuona," alisema, na kweli alikuwa ameuona.

Alipokata simu alikaa chini. Alimweleza mumewe yote, kwa sababu siri ya namna ile haibebwi na mtu mmoja. Babu Matonya alisikiliza bila kumkatiza. Kisha akanyanyuka, akaingia stoo isiyo na dirisha, akafunga mlango. Bibi alimsikia anafungua vifungo vya shati.

"Unafanya nini humo?"

"Naangalia."

"Unaona nini?"

"Kama kuna kitu hapa kwenye kitovu."

Wakati mwingine bibi angecheka mpaka aishiwe nguvu. Safari hii alicheka nusu, nusu iliyobaki ikamkwama, maana alikuwa anamwona Gladness na begi lake stendi. Alimpigia Ebenezer akamtaka masalia ya vidagaa vikavu vya Mtera, vya kabla bwawa halijafungwa, asage viwe unga. Ebenezer aliuliza vya nini.

"Vya wageni."

"Kama ni wale wa kwenye kioo, dada, wape tu. Maji ni maji, na dagaa ni dagaa."

Bibi alijua kuwa mdogo wake hajui. Lakini mtu akiwa na hofu husadiki hata ya Ebenezer, basi akasadiki. Unga ulikuja na basi la asubuhi. Samaki waliupokea vizuri sana. Walikula, wakaomba, wakaongezewa, kwa sababu bibi hawezi kumnyima mgeni anayemkodolea macho. Mpaka Gladness anarudi walikuwa wameota mashavu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umekonda."

"Hawa hawajakonda," alisema Gladness, akiinama kwenye kioo. Mchana ule ule alitundika mablanketi madirishani na vitenge juu ya milango mpaka sebule ikawa giza, wakaketi watatu kusubiri. Alitikisa maji kwa kijiti ili samaki washtuke. Kipampu kilikoroma. Hakuna kilichowaka. Bibi alitamani macho yake ndiyo yawe mabovu.

"Labda kipimo kilikuwa kidogo," alisema Gladness gizani. "Ngoja nichukue kwenye friza."

"Usiende," alisema bibi. "Mke mwenzangu, tumewala. Niliwapika kwenye mlenda. Mimi na babu yako na Ebenezer, tumekula taa yako yote kwa ugali. Nilidhani ni zawadi, halafu nikaogopa kukwambia, nikawapa dagaa wa Mtera."

Gladness alicheka. Alicheka mpaka akateleza kutoka kwenye kiti akaketi sakafuni, na babu, aliyekuwa anasubiri ruhusa, akamfuata. Bibi ndiye peke yake aliyesikia kicheko cha mjukuu wake kilipogeuka. Alimpapasa gizani mpaka akampata kichwa, akakiweka mapajani kama zamani, wala hakumwambia anyamaze.

Daktari Bupe alikuja wiki hiyo hiyo, mama mmoja mnene, mpole, mtu wa Mbeya. Alimwamkia bibi shikamoo, akaketi kwenye sebule yenye giza, akaangalia samaki wanene wasiowaka. Gladness alimweleza yote bila kuficha, mpaka kitovu cha babu. Daktari Bupe alijikaza kwa heshima ya wenye nyumba, akashindwa.

"Na mlenda ulikuwaje?" aliuliza alipopata pumzi.

"Mtamu sana," alisema babu.

Lakini kazi ilikuwa kazi. Vidudu wale hawapatikani bwawani wala mtoni, Daktari Bupe alisema, na utafiti unaotegemea mfuko mmoja ndani ya friza utakwama kila mfuko ukipotea. Ni heri Gladness akae chakula kilipo. Tanga, miaka miwili, kisha wataangalia.

"Mimi ndiye niliyekufukuza," bibi alimwambia mjukuu wake wakifunga begi. "Wangewaka, ungebaki."

"Labda," alisema Gladness. Hakuwa mtu wa kudanganya ili kufariji, na bibi ndiye aliyemlea hivyo. "Labda ningebaki, bibi."

Wakafunga zipu. Kati ya nguo bibi alikuwa ameweka unga wa uwele na mfuko wa majani makavu ya mlenda yaliyotwangwa. Kwenye mfuko babu aliandika kwa herufi kubwa, kwa kalamu ya kuchorea magunia: SI CHAKULA CHA SAMAKI.

Gladness aliwaachia samaki watatu. Kutoka Tanga alianza kutuma vifurushi vidogo vya vidudu waliokaushwa, na kila kifurushi kilikuwa na maandishi: SI MBOGA. Bibi alilisha vidole viwili kila jioni. Kuku waliendelea kuona. Babu aliomba redio yake irudi sebuleni, akakataliwa. Samaki walibaki giza mwezi wa kwanza, na ulipopita wa pili bibi akaanza kusema kwamba wale dagaa wa Ebenezer wamewaharibu akili.

Siku moja, baada ya chakula cha mchana, alitundika mablanketi kama kawaida, bila matumaini, akamwita mumewe aje waketi. Akatikisa maji kwa kijiti.

Mwanga ulitoka chini ya matumbo yao, wa buluu, mchache, wala haukutosha kusomea. Ulitosha kuonyesha kidole cha Babu Matonya kilichokuwa kimegusa kioo, na ukucha wake. Hakuna aliyetania. Bibi aliona moyo wake umejaa, na hapo hapo akapiga simu.

"Mke mwenzangu, wamewaka."

Gladness alipiga kelele upande wa pili, akaita watu, akauliza rangi, akauliza wangapi. Bibi alijibu yote. Kisha akauliza la kwake.

"Wewe huko unakula nini?"

"Wali wa nazi, bibi. Mihogo. Samaki wengi."

"Na mlenda wangu?"

"Upo."

Bibi alisubiri. Alimlea huyu mtoto, anajua sauti yake ikiwa imeshiba ilivyo.

"Uliisha muda mrefu," alisema Gladness taratibu. "Nilikuwa nanusa mfuko tu. Sikutaka kukusumbua."

"Na huwaki," alisema bibi.

"Siwaki, bibi."

Bibi Yudith alimwachia babu simu aendelee kuongea na mke wake mdogo. Aliwaacha samaki gizani wanawaka, akainua pembe ya kitenge cha mlangoni, akatoka uani kutwanga mlenda wa kutuma Tanga.