Dawa Iliyobaki Maabara

Kaka yake ndiye aliyembandika jina la Daktari wa Panya, siku ile ile alipoajiriwa maabara, na nyumba nzima ikalidaka. Hakununa. Ni kweli kwamba kwa miaka tisa kazi yake ilikuwa kuwapunguzia panya hewa kwa dakika chache, kisha kupima gesi moja ndani ya ubongo wao: nitriki oksaidi.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, simu ikaita. Kaka yake, fundi wa kupaka rangi, alikuwa ameingia kwenye tangi la chuma la kiwandani akwangue kutu. Tangi lilikuwa limefungwa miezi mingi, na kutu ilikuwa imekwisha kula oksijeni yote. Alianguka bila hata kupiga ukelele. Mwenzake aliyebaki juu alimwita mara mbili, kimya. Mpaka watu wakusanyike wamvute kwa kamba, dakika sita zilikuwa zimepita. Moyo ulisimama, ukashtuliwa ukarudi.

"Dakika sita," Daktari wa Panya alirudia, huku akivua koti la maabara.

Alipofika wodini, kaka yake alikuwa akipumua kwa mashine. Mama yao akamkamata mkono.

"Binti yangu, si ndiyo kazi yako hii? Ile dawa uliyosema inaokoa panya, kailete."

"Mama, haijawahi kupewa mtu."

"Huyu ni ndugu yako, tumbo moja!"

Akajaribu kumweleza. Gesi ile si adui moja kwa moja; kidogo chake hutanua mishipa, damu ikapita. Ila ubongo ukikosa hewa, chembe zake huitoa kupita kiasi, ikageuka sumu. Dawa huizuia. Panya hupewa mapema, kwa kipimo kinachojulikana. Hapa zilikuwa zimepita saa nne tangu ajali, na kuizuia ovyo kungeweza kufunga hata mishipa iliyokuwa bado inamlisha.

"Maneno yako mengi," Mama alisema, akampa kisogo.

Alasiri alirudi maabara peke yake. Akafungua friji, akaitoa ile chupa ndogo, akasimama nayo mpaka vidole vikafa ganzi. Akairudisha.

Siku ya kumi na mbili kaka yake alifumbua macho. Alipumua mwenyewe, alimeza uji, lakini hakumjua mtu. Yule aliyekuwa hamalizi sentensi bila utani sasa alitoa mguno tu. Walimrudisha nyumbani. Kwa miezi miwili Mama na binti yake walisalimiana, basi; mengine yote yalipita kimyakimya.

Kisha asubuhi moja, wakimwogesha kitandani, Mama akauliza bila kuinua macho, "Ungempa, angepona?"

"Sijui, Mama. Pengine angekufa siku ile ile."

"Hujui?"

"Sijui. Nilikwenda nikaishika chupa. Nikashindwa kuileta, na mpaka leo sijui."

Mama alikamua kitambaa, akakikamua tena ingawa maji yalikuwa yamekwisha.

"Kumbe ulikwenda," alisema. Kisha, kwa sauti ya chini: "Haya, mshike mabegani, nimfute mgongo."

Akamwinua. Kaka yake alikuwa mzito, ana joto, kichwa kikamlalia shingoni. Machozi yakamtiririka, na kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa imemshika, hakuweza kuyafuta.