Swali Lililotiwa Koponi

Jumatatu asubuhi Bernadina alianza kupalilia maharage, akaacha mstari katikati. Alikwenda kuangalia kama kuku ametaga, akasahau alichofuata, akarudi shambani, akaliona jembe limelala pale pale alipoliacha, akalipita kama si lake. Jirani aliyekuwa akifunga ua upande wa pili alimuuliza kama amepotelewa na kitu. Akajibu kwamba hapana, anangoja Alhamisi.

Alhamisi ilikuwa siku ya kopo. Mwaka ule wa sabini na sita kila kijiji cha pande za Daa kilikuwa na darasa la kisomo, na jua likianza kupoa watu wazima walijibana kwenye madawati ya watoto wao. Mwalimu wao, Clemensi, kijana aliyetoka Mbulu, alikuwa amegundua kwamba watu wale wakipewa sentensi za kunakili husinzia, lakini wakiruhusiwa kuuliza, kalamu zao hukimbia. Basi alitoboa kifuniko cha kopo la maziwa ya unga, akaliweka mezani, akasema kila mtu aandike kwa mkono wake jambo ambalo amejiuliza tangu utotoni na hajapata wa kumjibu. Kila Alhamisi alilifungua kopo na kusoma. Asilolijua alikiri kwamba halijui, akaenda kulitafuta katika vitabu vya padri, akaleta jibu wiki iliyofuata.

Maswali yalikuwa ya kila namna. Kwa nini jogoo anawika kabla hakujapambazuka, nani kamwambia? Kwa nini mtu mmoja akipiga mwayo nyumba nzima inamfuata? Kwa nini mguu unakufa ganzi, na ukianza kurudi unachoma kama umeingiliwa na siafu? Kwa nini kitunguu kinamliza anayekikata na hakimlizi anayekila? Watu walicheka, wakabishana, wakaenda kumalizia ubishi njiani.

Swali la Bernadina lilimchukua siku tatu. Aliandika, akafuta kwa kidole chenye mate mpaka karatasi ikaota shimo, akaanza upya kwenye karatasi nyingine. Mwishowe likasomeka: Kwa nini mtu aliyelala ukiita jina lake huamka, na ukiita la mwenzake haamki? Lilikuwa swali zuri. Lakini halikuwa lile lililomnyima utulivu. Lile lenyewe hakuthubutu kulitia koponi, maana lilikuwa la nyumbani kwake. Mjukuu wake Antonia, mtoto wa mwaka na nusu, alikuwa haitikii jina lake, awe amelala au yuko macho.

Aliyemfungua macho alikuwa Namelok, mama wa Kimaasai aliyeteremka mara kwa mara kutoka milima ya Ngorongoro na punda wake, akaleta maziwa ndani ya vibuyu na kurudi na mahindi. Punda huyo alivaa kengele shingoni, nene, ya chuma, yenye sauti ya kumwamsha hata mlevi. Siku moja alijitikisa kufukuza inzi nyuma ya Antonia, karibu kabisa. Kuku walitawanyika. Mbwa alisimama. Antonia aliendelea kuchomeka kijiti mchangani, mgongo wake haukushtuka hata kidogo.

Namelok aliona, na aliona kwamba Bernadina ameona. Alimimina maziwa, akapokea mahindi yake, akaifungua ile kengele shingoni mwa punda na kuiweka juu ya jiwe mlangoni, kama mtu aliyesahau kitu. Punda akapanda mlima kimya. Tangu siku hiyo, kila Bernadina alipoikumbuka mikono ile ikihangaika na fundo la kamba, alimshukuru Mungu kwa watu wasiouliza.

Cresensia, mama yake Antonia, alipokwenda mtoni, Bernadina aliipiga kengele nyuma ya mtoto. Akaipiga karibu. Akagonganisha na vifuniko vya sufuria. Hapo ndipo mkwewe aliporudi na ndoo kichwani na kumkuta mama mkwe ameshika vifuniko viwili kama mcheza ngoma.

Cresensia alikuwa mkwe mwema, mchapakazi, mwenye maneno machache, na mumewe Hhando alikuwa kibarua kwenye mashamba ya kahawa ya Oldeani, akija nyumbani mara moja kwa mwezi. Hakuwahi kumpandishia sauti mama mkwe wake. Siku hiyo alitua ndoo, maji yakamwagika, akasema, "Mama, unamtafutia mwanangu ugonjwa." Kisha akachukua mchi, akaanza kutwanga mahindi ya makande. Antonia, aliyekuwa amekaa kwenye ngozi ya ng'ombe kando ya kinu, aligeuka mara moja, akaangalia juu, akacheka. Cresensia akaacha. Mtoto akarudi kwenye kijiti chake. Cresensia akatwanga tena. Mtoto akageuka tena.

"Unaona?" Cresensia alisema. "Anasikia anachotaka kusikia. Kama baba yake."

Bernadina aliona, na moyo wake ulitulia kwa siku mbili nzima. Siku ya tatu ukaanza tena. Kama mtoto anasikia kinu, mbona hasikii kengele? Na kama hasikii kengele, kinu anakisikiaje? Alijiuliza jambo hilo akichota maji, akajiuliza tena akipepeta, mpaka pumba na mahindi vikaenda chini pamoja. Kunyamaza aliogopa. Mtoto angekua katikati ya watu wanaomwita, akidhaniwa mkaidi, akichapwa kwa kutoitikia. Kusema aliogopa zaidi. Midomo ya kijiji ingeanza kutafuta nani kaleta jambo hilo nyumbani, nayo huanza siku zote na mwanamke aliyeolewa kutoka mbali. Cresensia alitoka mbali.

Alhamisi ilifika. Bernadina alikuwa wa kwanza darasani, akaketi, akasimama, akaenda kuangalia kama mwalimu anakuja, akaketi dawati jingine.

Swali la kwanza kutoka koponi lilikuwa la mzee Josephati. Josephati alikuwa mchekeshaji wa darasa, mtu ambaye hodi yake ilisikika kabla hajavuka bonde. Alitaka kujua kwa nini moshi wa mekoni humfuata yeye popote anapohamia na kumwacha mkewe. Darasa likamwambia moshi unawajua wasiokata kuni. Mwalimu Clemensi alisubiri wacheke, kisha akaeleza kwamba mtu akikaa karibu na moto mwili wake huzuia upepo, pakabaki penye utulivu mbele yake, na moshi hukimbilia hapo. Josephati alisema basi mkewe ndiye mwembamba.

Mwalimu akatoa karatasi ya pili, akaisoma polepole, akainua macho. Aliijua hati ya kila mtu, lakini hakutaja jina. Alisema swali hili alikuwa ameliona wiki iliyopita na alilitafutia jibu kwa sababu hata yeye lilimsumbua. Macho yana kope, alisema, mtu akilala anayafunga. Masikio hayafungwi. Sauti huingia hata ukiwa usingizini, na kichwani hubaki sehemu inayokesha kama mlinzi wa boma. Zinazopita hovyo huziacha zipite. Ikiingia ile aliyoizoea tangu utotoni, jina lake mwenyewe, mlinzi humwamsha mwenye nyumba.

Watu walipenda jibu hilo. Walikuwa bado wakilirudia wao kwa wao Bernadina aliposimama bila kuinua mkono.

"Na asiyegeuka je, mwalimu? Yuko macho, unamwita, hageuki."

"Huyo kaitwa kulima," Josephati alisema.

Darasa zima lilicheka. Bernadina hakucheka, wala hakuketi. Alisimama na mikono miwili ameshikilia dawati la mtoto wa darasa la pili, na kicheko kikapungua kidogo kidogo mpaka kikabaki cha Josephati peke yake, kisha hata hicho kikakatika.

Clemensi alimwangalia. Angeweza kumuuliza pale pale, na kila mtu angesikia. Badala yake alisema swali hilo linahitaji kitabu, akachomoa karatasi nyingine ya mtu aliyetaka kujua kwa nini nywele huota mvi na kucha hazioti. Muda wa kufunga ulipofika alimwomba bibi amsaidie kubeba sanduku la chaki mpaka nyumbani kwake, sanduku ambalo mtoto angelibeba kwa kidole.

Njiani Bernadina alisema yote. Kengele, vifuniko, kinu. Alisema haraka, akiruka maneno, kama mtu anayetaka kumaliza kabla hajageuza nia. Mwalimu hakumkatiza. Alipomaliza, alimuuliza jambo moja tu.

"Mkitwanga, bibi, mtoto huwa amekaa wapi?"

"Chini. Kwenye ngozi, kando ya kinu."

Clemensi alisimama. Alisema kaka yake wa kwanza hasikii tangu kuzaliwa. Nyumbani kwao, kule Mbulu, walipotaka kumwita walipiga sakafu kwa kisigino, na yeye aligeuka hata akiwa amewapa mgongo. Wageni walidhani anasikia.

"Kinu anakisikia kwa makalio, bibi," alisema. Halafu akaona haya kwa neno alilolitumia, lakini Bernadina alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, vyote kwa pamoja, na kijana wa watu alimshikia sanduku mpaka akamaliza. Kisha, palepale njiani, aliweka karatasi juu ya sanduku na kuandika barua kwa daktari wa hospitali ya misheni. Alimwambia pia kwamba zipo shule za watoto wasiosikia, na kaka yake ni fundi seremala mwenye mke na watoto wanne wenye kelele nyingi sana ambazo hazimsumbui.

Bernadina hakutembea kurudi nyumbani, alikuwa anakimbia nusu nusu, kisha anakumbuka atakachokwenda kusema na miguu inakuwa mizito, kisha anakimbia tena. Alimkuta Cresensia anatwanga. Antonia alikuwa kwenye ngozi, ubavuni mwa kinu.

Aliinama, akamnyanyua mtoto, akamkumbatia kifuani akimwelekeza ukutani.

"Twanga, mwanangu," alisema.

Cresensia alimwangalia, akashusha mchi mara moja. Mtoto alikuwa anachezea ushanga wa rozari ya bibi yake. Akatwanga tena. Akatwanga kwa nguvu, punje zikaruka, akatwanga kama mtu anayeua nyoka, huku akiita, Antonia, Antonia, Antonia. Mtoto aliutia ushanga mdomoni. Vumbi la mahindi lilipotua, mchi ulikuwa umesimama na Cresensia ameuegemea.

"Nilijua, mama," alisema. "Nilijua tangu hajaota jino."

Bernadina alikumbuka ngozi ile. Zamani ilitandikwa karibu na mlango, penye mwanga, naye hakujiuliza nani aliihamisha, au kwa nini kila asubuhi mkwewe aliisogeza tena kidogo kuelekea kinu kabla ya kumkalisha mtoto. Mwaka mzima msichana huyu alikuwa anatandika ngozi na kutwanga, anatandika na kutwanga, apate kumwona mwanawe akigeuka. Bernadina alikuwa na mengi ya kuuliza. Hakuuliza hata moja. Alimpa mtoto wake, akachukua mchi kutoka mikononi mwake, akamalizia mahindi yaliyobaki kinuni, maana makande yalikuwa hayajawekwa motoni na wote walikuwa na njaa.

Jumatatu iliyofuata walikwenda hospitali na barua ya mwalimu, wakapokezana kumbeba mtoto mgongoni mpaka barabara ya Karatu. Daktari alimpima Antonia kwa njuga na kwa kijiko na kwa mdomo wake mwenyewe, akasema alichosema, akawapa tarehe ya kurudi. Hhando alipelekewa habari Oldeani, akaja kabla ya mwisho wa mwezi na kitambaa cha gauni kwa mkewe, ingawa hakuna aliyemwagiza. Maneno ya kijiji yalikuwepo, Bernadina hakujidanganya, na kulikuwa na mama mmoja aliyeanza kupita njia ya mbali. Bado aliacha mistari ya maharage katikati. Sasa aliacha ili aende kuangalia mtoto yuko upande gani, na nani yuko naye, na je, wamegonga chini au wamempigia kelele tu.

Kengele aliirudisha. Namelok aliipokea akasema alikuwa ameitafuta kila mahali.

Alhamisi ya wiki ile ya hospitali, kabla ya darasa, Bernadina alikuwa amekaa na Cresensia wanachambua maharage, Antonia katikati yao, mgongo kuelekea mlangoni. Josephati alionekana anavuka bonde. Bernadina alijikaza. Hakuwa amesikia sauti yake tangu siku ya darasa, na alingoja ile hodi inayopasua masikio. Haikuja. Mzee alipanda mpaka mlangoni, jasho likimtiririka, na rundo la kuni kavu begani. Aliingia hatua moja, akazitua taratibu. Kisha, bila kufungua mdomo, aliinua fimbo yake na kuigonga sakafuni mara mbili.

Antonia aligeuka.