Aliyekalia Kiti cha Eliya

Kwa mzee Mendel Zuckerbrot wa Winnipeg, mjukuu kupita siku ya nane bila tohara ni aibu, na aibu hakuwa tayari kuila. Kwa hiyo Tirza, mke wa mwanawe, alipompigia simu kumwambia daktari amekataza, mzee aliitikia sawa, sawa mwanangu. Kisha akaagiza samaki wa moshi na keki ya asali, akaalika nusu ya sinagogi.

Tirza alidhani anampeleka mtoto kumsalimia babu. Alipoingia akakuta makoti ya wageni yamerundikwa kitandani na mtahiri, Rabi Fishel, ananawa mikono. Kando ya dirisha kiliwekwa kiti chenye kitambaa cheupe, kiti cha nabii Eliya, anayeaminika kuhudhuria kila tohara, na hakikaliwi na mtu kwa sababu mwenyewe haonekani.

Hasira zikampanda. Mtoto alizaliwa na uume uliopinda, na daktari wa upasuaji alikuwa amewaeleza vizuri, yeye na mumewe Avrom: atamnyoosha akishapata miezi kadhaa, na huenda akahitaji ngozi ya govi kutengenezea upande wa chini uliokaza. Ngozi ikishatupwa, hainunuliwi dukani. Avrom alikubali siku ile. Leo alikuwa amesimama nyuma ya baba yake, anatazama viatu.

Mzee akanyoosha mikono apewe mtoto. Tirza akampita, akaenda moja kwa moja kwenye kile kiti, akaketi.

Shangazi mmoja alibaki na kipande cha samaki mkononi, hali wala haweki chini.

"Ondoka hapo, mwanangu," Mendel akasema kwa sauti ya chini. "Hicho si kiti cha mtu."

"Eliya akija nitampisha, baba. Wewe sikupishi."

Mtu alicheka nyuma, akajifanya anakohoa. Mzee akaanza kuhesabu wanaume wa ukoo, wote walitahiriwa siku ya nane na hakuna aliyepungukiwa kitu. Sasa watu watasema nini?

"Watasema mama yake ni jeuri. Waache waseme. Si wao watakaokaa nje ya chumba cha upasuaji."

Rabi Fishel akauliza kuna nini, na Tirza akamweleza yote, mbele ya watu, bila kuficha neno. Rabi akafuta mikono. Akasema mtoto mwenye tatizo husubiri, ndiyo sheria, na kwamba yeye hakuambiwa habari za daktari yeyote. Alipokuwa akisema hivyo alimtazama Mendel, kisha akarudisha kisu mkobani.

Mzee akabaki na silaha moja. Gershon, mdogo wake, alikufa mwaka uliopita, na tangu mimba ilipojulikana mzee alikuwa akingoja jina hilo liitwe tena nyumbani kwake. Nalo hutolewa kwenye tohara.

"Basi hana jina," akasema. "Bila kisu hakuna jina."

Tirza alimhurumia, lakini hakuinuka. Alimgeuza mtoto awaelekee wageni wote.

"Anaitwa Gershon," akasema. "Ngozi yake itamngoja daktari. Jina halina la kungoja."

Mendel akafungua mdomo abishe. Kilichotoka ni hilo jina tu, mara mbili, na Tirza akamwambia asogee amshike.