Waliotundikwa Kichwa Chini

Katika studio ya Babu sheria ilikuwa moja, na haikuhitaji bunge kuipitisha: asiyelipia picha yake, picha hiyo hutundikwa kwenye kioo cha mbele, kichwa chini miguu juu, mpaka mwenyewe aje alipe. Mtaa mzima uliijua adhabu hiyo. Wapo mabwana harusi waliotumikia kifungo humo huku wake zao wakipita kila asubuhi kwenda sokoni, wakipinda shingo kuona kama waume bado wamo. Kinyozi wa jirani alianza kuning'inia akiwa na nywele zake mwenyewe. Sasa kichwa kilikuwa kimebaki uwanja wa mpira.

"Cha bure hakina mwenyewe," Babu alipenda kusema, akifuta lenzi kwa ncha ya shati. "Mpe mtu picha bure, kesho ataifungia karanga. Mtoze, ataitundika ukutani na kuipigia saluti. Dawa ya deni ni nini?"

"Kulipa," wateja waliitikia, kama darasani.

Sasa studio ilikuwa inafungwa. Watu siku hizi wanajipiga wenyewe kwa simu, mikono ya Babu ilikuwa imeanza kutetemeka, na Bibi alikuwa amefariki msimu wa mvua uliopita. Mwenye nyumba alitaka funguo zake Jumamosi. Babu naye alitangaza, kwa sauti ya hakimu, kwamba picha zote zisizolipiwa, maboksi yote yaliyo nyuma ya pazia, zitachomwa moto uani siku ya Ijumaa.

Habari hizo zilimkuta mjukuu wake ndiyo kwanza ametua begi, amerudi likizo kutoka shule ya bweni. Nyumbani binti huyo aliitwa Kiroboto, na mwenye kutaka kujua sababu angemuuliza mwalimu wa zamu aliyeikuta kengele ya alfajiri imevishwa soksi. Kiroboto alijifunza kutembea kwa kushikilia miguu ya kamera ya Babu. Kule bwenini, nyumbani kulipomjia usiku, hakikuja kitanda chake wala sahani yake. Kilikuja chumba cha giza, taa yake nyekundu, na Bibi akizitoa picha majini na kuzianika kambani kama nguo za kitoto, akiimba wimbo ambao maneno yake aliyasahau kabla hajaolewa.

Alitaka kitu kimoja tu kabla ya moto huo: picha ya Bibi. Alipekua maboksi kuanzia asubuhi mpaka vumbi likampaka mvi. Walikuwamo walimu, mapacha, mchinjaji aliyeshika kitabu asichojua kukisoma. Bibi hakuwamo.

"Utampata wapi, mwanangu?" Shangazi alimwambia. Alikuwa amekuja kusaidia kufungasha, ingawa mpaka hapo alikuwa amefungasha maneno tu. "Mama hakuwa mbele ya kamera. Alikuwa nyuma yake."

"Nyuma, akifanya nini?"

"Akipiga! Unadhani Babu yako na ule uso wake wa mtoza kodi angempiga picha mtoto mdogo asilie? Wanawake na watoto wote walikuwa wa Mama. Hebu tazama. Aliyenuna, kapigwa na Baba. Anayecheka, kapigwa na Mama."

Kiroboto alizitandaza picha sakafuni. Ilikuwa kweli tupu. Upande mmoja watu walikaa kama wanasubiri hukumu. Upande wa pili walicheka mpaka magego: mabibi harusi, vichanga, mwanamke mnene aliyeshika kiuno na kumwelekezea kidole mtu aliye upande huu wa kamera, kama anayesema, wewe nawe, utaniua. Wote walikuwa wanamtazama Bibi.

"Babu alikuwa anamlipa?"

Shangazi alicheka kidogo, kisha akaacha. "Mke wa mtu alipwe na nani? Alifanya bure. Ndiyo maana hakuna aliyehesabu."

Babu aliingia na kuzikuta picha sakafuni. Shangazi hakupoteza nafasi.

"Baba, wape watu picha zao. Bure. Utazipeleka wapi?"

"Motoni."

"Kwa nini lakini?"

"Kwa sababu nikizigawa leo, yule aliyelipa jana nimemfanya mjinga. Na mimi je? Maisha yangu yote nimesimama kwenye dawa zile za kusafishia picha mpaka kucha zikawa njano. Niseme leo kwamba ilikuwa bure? Ijumaa, moto." Akatoka, akasahau kofia, akarudi kuichukua akiwa bado amekasirika, jambo ambalo ni gumu kulifanya kwa heshima.

Kiroboto alirudi kwenye boksi la mwisho. Chini kabisa alimkuta kijana mmoja mwembamba, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, anacheka hadi macho yamepotea. Alimtazama muda mrefu kabla ya kuyatambua masikio. Yalikuwa masikio ya Babu.

Asubuhi ya Alhamisi mtaa uliamkia msiba wa kisiasa. Katikati ya kioo cha studio, kichwa chini miguu juu, ametundikwa mwenye studio. Watu walianza kukusanyika kabla ya chai. Mshona viatu aliacha kiatu cha mteja kikiwa na sindano ndani. Babu alipofika, akawakuta wote wamepinda shingo upande mmoja.

"Mzee, nawe unadaiwa?" Kinyozi alipiga makofi. "Karibu gerezani, ndugu yangu! Nimekuwekea nafasi!"

"Nani kafanya ushenzi huu?" Babu aliuliza, ingawa alikuwa amekwisha kumgeukia Kiroboto.

"Ni mimi, Babu. Nimetekeleza sheria tu."

"Hii studio yangu! Kamera yangu! Nidaiwe na nani?"

"Ngoja, ngoja," alisema Kinyozi, akikaribia kioo. "Kinyozi hajinyoi, na mpiga picha hajipigi. Sasa hii alikupiga nani?"

Babu alikisogelea kioo. Naye akapinda shingo kama wenzake. Kichwa chini, kicheko kilionekana kama kununa, na ndiyo maana wengi hawakushangaa. Yeye alikiona.

"Marehemu alinisahaulisha kununa," alisema taratibu. "Alisema kuna mbuzi nyuma yangu amevaa kofia yangu. Nikageuka, nikarudi nikicheka, akabonyeza." Akagusa kioo. "Hajawahi kunidai."

"Sheria haisemi adai," Kiroboto alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake haikuwa na mzaha.

"Nitamlipa nani sasa?"

"Wale wanaocheka kwenye maboksi, Babu. Ni kazi yake, si yako. Hukuilipia, basi huwezi kuichoma."

Babu aliusukuma mlango. Kisha akaingia ndani, akaburuta kiti cha wateja mpaka mlangoni, akaagiza maboksi yaletwe.

Hukumu ilikuwa hivi: anayecheka, achukue picha yake bure, ni ya marehemu. Aliyenuna, alipe, ni ya mzee. Kazi ikaanza. Mwanamke mnene wa kidole, sasa mwembamba na mwenye fimbo, aliichukua yake akaishika kifuani, akaondoka bila kuaga. Kinyozi alileta ubishi.

"Hapa nacheka, mzee. Nacheka moyoni."

"Moyo sikuupiga. Lipa."

Akalipa, akilalamika, akaipeleka moja kwa moja ukutani kwake.

Ijumaa hapakuwa na moto. Jumamosi, kioo kilipobaki kitupu isipokuwa yule kijana mwenye masikio, Kiroboto alipanda kiti amgeuze, kichwa kiwe juu.

"Mwache hivyo hivyo," Babu alisema, funguo mkononi, shingo ameipinda. "Bado sijamaliza kulipa."